Nilipanda Ulingoni kwa Jina la Marehemu

Sehemu ya sita

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitakupunguzia safari. Naitwa Nassibu, au niseme nilikuwa naitwa hivyo. Mama yangu na mama yake Saadi ni dada wa tumbo moja. Wangu alifariki mapema, nikalelewa Kibiti na dada yake, Bi Muzdalifa, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa. Nilikula sahani moja na Saadi tangu hatujajua kuvaa kandambili.

Sote wawili tulikuwa mabondia wa ngumi za ridhaa, sote kilo hamsini na saba. Klabu yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya uzito huo katika mashindano ya kanda. Anayeshinda kanda anaingia kwenye timu inayokwenda kutafuta tiketi ya michezo ya kimataifa.

Saadi alinishinda kwenye mchujo. Wiki iliyofuata tulikwenda Nyamisati kupakia boriti, na kazi ilipoisha nikamwomba tuvae glovu kidogo nyuma ya marundo ya miti, wawili tu. Nilimwambia ni mazoezi. Nilikuwa na hasira hadi kooni. Aliposhusha mikono apandishe bukta yake, nikamtandika konde la kulia juu ya sikio.

Akaanguka, akazimia. Nilimwita mara saba kabla hajafumbua macho.

Alipoamka alicheka. Akaniomba nisimwambie kocha wetu, Mwalimu Hilari, maana bondia aliyezimia anasimamishwa miezi mitatu, na jina lake lingekatwa. Nikakubali. Siku ya nne alfajiri Mama Mkubwa alimkuta amekufa kitandani. Watu wakasema malaria ilimpanda kichwani. Alizikwa adhuhuri, na mimi nilibeba jeneza upande wa mbele.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Wengi wenu mmenitumia ujumbe wa kunitukana. Sina ugomvi nanyi, ila tunzeni matusi kidogo, maana mambo ya wiki hii ni mabaya zaidi.

*

Siku ya arobaini ilipofika, kisomo kikasomwa, pilau likaliwa, wageni wa mbali wakaanza kuaga. Mjomba Yassin, kaka wa mama zetu, aliyeteremka kutoka milimani Matumbi na mfuko wa unga wa mtama, akasema watu wa ukoo wabaki kidogo. Nikajua ni habari ya jina.

Kwetu marehemu haondoki hivihivi. Jina lake hukabidhiwa mtu wa ukoo, na kuanzia siku hiyo mtu huyo ndiye yeye. Mama wa marehemu atamwita mwanangu. Jirani akijisahau akamwita kwa jina lake la zamani, anatozwa kuku. Mimi nilidhani wangemrithisha Twalha, binamu yetu anayeuza simu Ikwiriri, maana ndiye mwenye heshima zake.

Mjomba akauliza nani anarithi. Mama Mkubwa akaninyooshea kidole.

Nilisema sifai. Nilisema mimi mvivu wa kuswali, sijaoa, na hasira zangu kila mtu anazijua. Watu wakacheka, wakadhani naonyesha adabu. Mjomba akanivika kanzu ya Saadi, akanipaka ule unga kwenye paji la uso, akasema maneno ya wazee. Kisha akamgeukia dada yake.

"Muite."

"Saadi," akaita Mama Mkubwa.

Desturi inataka uitikie palepale. Mimi niliitikia mara ya tatu, tena kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia vizuri. Akanikumbatia.

*

Nikahamishiwa kwenye kitanda cha Saadi. Godoro lilikuwa limebonyea upande wa ukutani, alikozoea kulalia. Usiku nikitoka mazoezini nilijilaza katikati, na nikiamka najikuta nimeingia kwenye lile shimo lake, nimekunja miguu kama alivyokuwa akikunja.

Nilikuwa nikisikia mtu anapumua karibu na mimi. Nikibana pumzi nisikilize, naye anaacha. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe, na nilijua hivyo, lakini kila siku nilijaribu tena.

Mtaani waliligeuza mzaha. Kudra, muuza chapati wa pale kona, aliniita Nassibu mbele ya Mama Mkubwa, akatozwa kuku kweli, jogoo wake wa pekee. Tangu siku hiyo akawa ananiita "weye" tu, asije akafilisika. Nilicheka pamoja nao kwa sababu asiyecheka anaulizwa ana nini.

Kilichonimaliza ni asubuhi. Kila kukipambazuka Mama Mkubwa aliingia na bakuli la uji, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza jambo lilelile.

"Saadi baba, kichwa kimeamkaje?"

"Salama, mama."

"Hakigongi?"

"Hakigongi."

Basi, anatoka. Nilijiambia ni majonzi ya mzazi, yatapungua. Mara mbili nilifungua kinywa nimweleze kila kitu, na mara zote mbili nikaishia kunywa uji. Duniani niliogopa jambo moja tu, kwamba mwanamke aliyenilea atakuja kujua nilimuua mwanawe kwa wivu.

*

Mwalimu Hilari ni mtu wa Rukwa. Asubuhi anafundisha hesabu shule ya msingi, jioni anafundisha ngumi kwenye ghala la zamani la korosho. Alikuja kunijulia hali siku ya pili baada ya arobaini, akamkuta Mama Mkubwa akiniita Saadi. Akanivuta pembeni, ameingiwa na hofu kwamba msiba umemvuruga mama wa watu. Nikamweleza desturi yetu.

Nikaona hesabu zinapita usoni mwake.

Majina ya mashindano ya kanda yalikwisha kufungwa kabla ya msiba. Jina la kilo hamsini na saba lilikuwa la Saadi, na halikuweza kubadilishwa. Mwalimu alikuwa ameandika barua ya kuliondoa lakini hajaipeleka. Alisema kila akiishika bahasha, mkono unagoma.

"Kwenu wewe ni Saadi," akasema polepole. "Ukoo unasema hivyo, mtaa unasema hivyo. Sura zenu moja, hata picha ya kwenye kitabu chake cha afya haitakukataa. Mimi si mtu wa huku, nisije nikawakosea. Niambie wewe, nikikupeleka kwa jina hilo nitakuwa nimesema uongo?"

Kurithi jina ni jambo la ukoo, la msibani na la nyumbani. Halikuwekwa kwa ajili ya mizani na majaji, na Mmatumbi yeyote anajua hivyo. Mwalimu hakujua. Aliniuliza kwa moyo safi, na mimi nikamwacha apotee.

"Si uongo, Mwalimu," nikasema.

Niliitaka ile nafasi, wasomaji wangu. Niliitaka Saadi akiwa hai, na nilipoipata kwa njia ile sikuwa na nguvu ya kuikataa.

Mama Mkubwa alipoambiwa, nilitegemea angepinga, na kwa kweli niliomba apinge. Akasema Saadi aliyataka sana mashindano hayo, basi aende. Kisha akamuuliza Mwalimu kama huko kutakuwa na daktari. Mwalimu akamhakikishia kwamba yupo, na kwamba kila bondia anapimwa na kuhojiwa kila siku kabla ya kupanda ulingoni.

"Vizuri," akasema. Akarudi jikoni.

*

Mwaka huu mashindano yalifanyika hapahapa Kibiti, siku tatu, ulingo umefungwa ndani ya ukumbi wa harusi. Timu zilitoka hadi Morogoro na Dar es Salaam. Asubuhi ya kwanza tulipanga foleni ya mizani tukiwa na chupi tu, tunatetemeka kwa njaa.

"Saadi Mbonde," kipaza sauti kikaita.

Kijana mmoja wa klabu ya jirani akageuka haraka. Alikuwa msibani kwetu, alishika jembe makaburini. Alinitazama nikipanda mizani, kisha akatazama chini na hakuinua tena macho mpaka nilipopita.

Daktari wa mashindano alikuwa Daktari Tereza, mama wa makamo aliyehamia Kibiti kikazi kutoka Bukoba, mwenye haraka zake. Chumba chake kilikuwa kile cha kupambia maharusi, chenye kioo kikubwa na maua ya plastiki. Alinimulika machoni, akanipima presha, akaanza kusoma maswali kwenye fomu bila kuniangalia.

"Ndani ya miezi mitatu iliyopita, umepigwa ukazimia?"

Juu ya fomu kulikuwa na jina la Saadi. Saadi alikuwa na jibu moja tu la swali lile, na niliamini walio hai wanaolijua ni mimi peke yangu.

"Hapana, daktari."

Akapiga tiki, akasaini.

Pambano la kwanza nilishinda kwa pointi, tena kwa aibu, nikirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Siku ya pili, nusu fainali, nikakutana na Felix wa Morogoro, kijana mwenye mikono mirefu na subira. Raundi ya kwanza alinichapa anavyotaka. Nilirudi kona pua inachuruzika damu.

Raundi ya pili nilimsikia Mama Mkubwa. Alikuwa mstari wa mbele, ametulia ndani ya kanga zake. Hakupiga kelele kama wengine. Aliita "Saadi" mara moja tu, kwa sauti ya kumwita mtu aje ale.

Mwili wangu ukageuka. Mguu wa kulia ukatangulia mbele, mkono wa kushoto ukarudi nyuma ukajipanga, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kupigana kishoto. Aliyekuwa na mkono wa kushoto ni Saadi.

Felix hakuelewa kilichotokea, na mimi sikuelewa. Nilikuwa natazama mkono ule ukitoka begani kwangu kama natazama wa mtu mwingine. Ulimpata mara tatu. Ya tatu ikampeleka chini, refa akahesabu hadi nane, akamtazama machoni, akasimamisha pambano. Watu wa Kibiti wakapanda juu ya viti wakiimba jina la mtu waliyemzika wenyewe.

Kwenye kona Mwalimu alikata bandeji zangu na furaha hana.

"Nani alikufundisha kusimama vile?"

"Sijui, Mwalimu."

"Nilimfundisha mtu mmoja tu," akasema. Akaweka mkasi chini, ikabidi nimalizie kuzifungua mwenyewe.

*

Siku ya fainali niliamka kichwa kinagonga. Kiligonga upande wa kushoto, juu ya sikio. Nilijipapasa nikitafuta uvimbe, na sikuuona. Felix alinipiga puani na mbavuni, pale hakunigusa kabisa. Pale nilipoitua mimi ngumi yangu Nyamisati, kichwani kwa mwenzangu, ndipo palipokuwa panauma.

Mama Mkubwa aliingia na uji.

"Saadi baba, kichwa kimeamkaje?"

"Salama, mama."

Akanitazama mpaka nikageukia ukuta. Akasema leo tunakwenda pamoja, na atakuwa nami mpaka chumba cha daktari.

Daktari Tereza hakupenda kuona nimeingia na mtu. Mama Mkubwa akamwamkia vizuri, akasema yeye ni mzazi, akakaa kwenye stuli ya maharusi. Ukumbini walikuwa wanamalizia pambano la kabla yetu. Bandeji nilikwisha kufungwa, bado glovu tu.

Macho, presha, mikono. Kisha fomu.

"Ndani ya miezi mitatu iliyopita, umepigwa ukazimia?"

"Hapana."

"Alipigwa," akasema Mama Mkubwa.

Daktari akainua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona.

"Alipigwa Nyamisati," Mama Mkubwa akaendelea, anaongea naye kana kwamba mimi sipo. "Alizimia. Alirudi nyumbani kichwa kinamgonga, akaniambia siku ileile. Akaniapisha nisimwambie mtu kwa sababu ya mashindano haya. Siku tatu nilimkanda kwa maji ya moto, daktari. Hospitali ipo, naiona nikienda sokoni, na mimi namkanda kwa maji ya moto."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Zaidi ya siku hamsini nilikuwa namficha mtu aliyekuwa anajua. Alijua akinipa uji, na alijua siku ile aliponinyooshea kidole.

Akauchukua mkono wangu, ule wa kulia, akauweka mapajani mwake.

"Ndugu zangu walimtaka Twalha. Nikakataa. Nilitaka Saadi aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa chako, maana wewe kwa jina lako ulishindwa. Nimekuuliza kila asubuhi, mwanangu. Sijakuuliza kwa ubaya. Mjibu daktari, halafu na mimi nitasema langu, tulibebe wote wawili."

Daktari alikuwa akituangalia mmoja baada ya mwingine. Sidhani kama alielewa habari ya jina. Alielewa habari ya kichwa.

"Nani alikupiga?" akaniuliza.

"Nassibu."

Sikuwa nimelitamka tangu arobaini. Lilitoka kwa sauti nzito kuliko yangu, na kwa muda kidogo sikuwa na hakika ni nani kati yetu aliyelitamka.

Mama Mkubwa alifumba macho. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulilegea, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Alinibana mkono. Ningenyamaza pale, wasomaji, leo ningekuwa na mama. Lakini nilikuwa nimeanza kusema, na yaliyokuwa yamebaki yakanitoka yenyewe.

"Nilikuwa nimeshusha mikono," nikasema. "Napandisha bukta. Nassibu aliona nimeshusha. Alipiga hivyohivyo."

Mkono wake ukalegea.

"Umesemaje?"

"Aliona, mama. Niliona. Nilipiga makusudi, kwa sababu ya mchujo."

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Saadi aliniambia aliteleza," akasema Mama Mkubwa. "Aliniambia kulikuwa na matope, akateleza, ngumi yako ikamkuta njiani. Aliniambia usilaumiwe. Alilirudia hilo mpaka siku ya mwisho."

Alinilinda hadi anakufa, na mimi nimevaa bukta yake.

Mlango ukagongwa. Mwalimu Hilari akaingia na glovu nyekundu begani, jasho linamtoka, akasema twende, wameshaanza kuita. Na kweli, kipaza sauti kilikuwa kinasema Saadi Mbonde, kona nyekundu, wito wa kwanza. Akatukuta jinsi tulivyo, akasimama.

Mama Mkubwa aliuondoa mkono wangu mapajani mwake, akaurudisha kwangu taratibu, kama kitu alichoazimwa. Akainuka. Akajifunga kanga vizuri.

"Nassibu," akaniita.

Mwalimu aligeuka kumtazama.

"Nenda ukapande pale walipo watu wote," akasema Mama Mkubwa, "uchukue kile kipaza sauti, uwaambie wasikuite kwa jina la mwanangu. Na sababu uwaambie."

Kisha akaufungua mlango. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, unapiga makofi, unamwita Saadi, na mtu wa kona alikuwa amekwisha kunipanulia kamba za ulingo nipite.